Mkono wa Mpishi, Macho ya Mfiwa

Filamu ya Contagion, iliyotolewa mwaka 2011 chini ya uongozi wa Steven Soderbergh na kwa mswada wa Scott Z. Burns, huanza gizani. Kabla ya picha husikika mtu akikohoa. Kisha huandikwa kiooni: Siku ya 2. Mtazamaji hujiuliza ya kwanza imekwenda wapi. Sisi tuliozoea tenzi, ambazo mtungaji hufungua kwa kumtaja Mola na kueleza sababu ya kutunga, twahisi upungufu huo upesi. Ni kama kuanzishiwa utenzi kwenye ubeti wa pili. Ubeti uliofichwa hutolewa mwishoni kabisa, na kwa maoni yangu filamu nzima imejengwa kuelekea huko.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Beth Emhoff arejea kwao Minneapolis kutoka safari ya kazi Hong Kong. Baada ya siku chache amekufa, na mwanawe mdogo vile vile. Virusi visivyojulikana vyaenea miji mikubwa ya dunia. Waandaaji waliwashauri mabingwa wa fani hiyo, akiwamo Ian Lipkin, na virusi vyao vya kubuni wakavifanya kwa mfano wa Nipah, vilivyoua watu zaidi ya 100 nchini Malaysia mwaka 1998 na 1999, baada ya kutoka kwa popo hadi kwa nguruwe, na kwa nguruwe hadi kwa wafugaji.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea, wengi waliirudia filamu hii wakaiita utabiri. Sifa hiyo naiona ndogo. Waliosoma habari za Nipah hawakuhitaji ramli. Thamani ya kazi hii iko katika namna inavyoutazama mkono wa mwanadamu.

Jina lake lina asili katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kugusana. Tangu mwanzo kamera haiwatazami sana watu nyuso. Yatazama walichokishika: bilauri, kitasa cha mlango, nguzo ya basi. Daktari Mears, anayeigizwa na Kate Winslet, ahesabu ubaoni kila mgonjwa atawaambukiza wangapi. Kisha yeye mwenyewe augua, na akiwa mahututi ajaribu kumpa koti lake mgonjwa wa jirani anayetetemeka kwa baridi. Baadaye Daktari Cheever ampa mtoto wa mfanyakazi wa usafi chanjo iliyokuwa yake, akamweleza kwamba kupeana mikono kulianza ili mtu aonyeshe kuwa hakuficha silaha. Mkono unaoua ndio huo huo unaotoa. Filamu hailisemi hilo. Huliweka mbele yetu ikapita.

Ipo lawama kwamba kazi hii ni baridi, kwamba yahesabu maiti bila kulia. Nami niliwahi kuona hivyo. Hata hivyo, mtazame Mitch, mume wa Beth, anayeigizwa na Matt Damon. Daktari amwambia mkewe amefariki. Naye, kama hakusikia, auliza iwapo aweza kwenda kuzungumza naye. Mtunzi wa maombolezo angetamani kuupata mstari kama huo. Kisha wenye nyumba ya mazishi wakataa kuipokea maiti kwa kuogopa ugonjwa. Sisi tunaojua heshima ya kumwosha maiti, kumkafini na kumsalia, na ambao mwaka ule wa 2020 tuliona watu wakisita hata kupeana mkono wa taazia, hatuhitaji kuelezwa uzito wa kukataliwa huko. Mfiwa hunyimwa mara mbili: mtu wake, na mkono wa wenzake.

Twafika mwishoni. Chanjo imepatikana, zamu zimepangwa kwa kura ya tarehe za kuzaliwa, binti yake Mitch anacheza dansi sebuleni na mpenzi wake aliyekwisha kuchanjwa. Mitch, akiwa peke yake, aiona kamera ya marehemu. Ndani yake mna picha za safari ile, na katika mojawapo Beth yuko pamoja na mpishi wa kasino. Mitch alia. Ndipo tunapoletewa Siku ya 1: tingatinga la kampuni aliyoifanyia kazi Beth laangusha miti, popo waruka, mmoja adondosha kipande cha ndizi katika zizi, nguruwe akila, nguruwe afika jikoni, mpishi aitwa, ajifuta mikono kwenye aproni bila kuinawa, aenda kumpa mkono mgeni wake.

Hapo ndipo penye kilele cha kazi hii. Mitch ameshika mkononi picha ya chanzo cha msiba wake, naye aona sura ya mkewe tu. Sisi twapewa sababu, yeye hapewi. Lakini machozi yake hayapungukiwi kitu kwa kutojua, wala kujua kwetu hakumrudishi Beth. Elimu na kilio vimewekwa ubavu kwa ubavu, na hakuna kilichopewa haki ya kukifuta kingine.

Kasoro naiona kwingine. Kijiji cha Uchina kinachomteka Daktari Orantes ili kipate chanjo hakikupewa Mitch wake. Twaonyeshwa woga wao na ujanja wao. Hatupewi kamera ya marehemu wao hata mmoja. Orantes mwenyewe, aambiwapo kwamba dozi walizopewa ni za bandia, aondoka mbio uwanja wa ndege kuwaendea, filamu haimfuati. Ingemfuata, hata kwa dakika mbili, ubeti wa kwanza usingebaki wa watu wa Minneapolis pekee. Tingatinga liliangusha miti katika nchi ya watu, na watu hao nao wana wafu wa kuwalilia.