Mdaiwa Asiye na Kitu: Hukumu Isomwe Yote

Khutba nyingi za deni huishia kwenye jeneza ambalo Mtume (S.A.W.) hakuliswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini deni la maiti. Hadithi ni sahihi; tunacholaumu ni kuikata. Baada ya Allah (S.W.) kumfungulia ushindi, Mtume (S.A.W.) alijitwika mwenyewe madeni ya Waislamu waliokufa bila ya kuacha cha kulipia. Aya ya 280 ya Suratul-Baqarah nayo inamtaka mdai ampe muda mwenye dhiki.

Wengine hukosea upande wa pili. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inampa nafuu mtu asiye na mali, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Baada ya miezi 12 madeni yake mengi hufutwa. Ni rehema, wala hatuipingi. Lakini kifiqhi muflis hupewa muda tu: haki ya mdai hubaki shingoni mwake mpaka ailipe au asamehewe. Ndiyo maana likawekwa fungu la al-gharimin. Kamati ngapi za misikiti hulikumbuka zinapogawa zaka?