Windows Terminal na mkalimani wake asiyeonekana

Watu wengi wanaoisifu Windows Terminal huisifu kwa yale yanayoonekana: vichupo kadhaa ndani ya dirisha moja, rangi za kuchagua, fonti ya Cascadia Code iliyotolewa Septemba 2019, emoji zinazotokea kama emoji badala ya visanduku vitupu. Sifa hizo ni za haki, ila hazikuwa ndiyo kazi ngumu. Vichupo vilikuwapo kwenye ConEmu miaka mingi kabla Microsoft haijaitangaza programu yake Mei 2019, na Alacritty ilikuwa imeshaonyesha tangu 2017 kwamba kadi ya michoro inaweza kuchora maandishi ya terminali kwa kasi kubwa. Kazi yenyewe ilifanyika mahali ambapo mtumiaji hafiki: kulitenga dirisha na konsoli ya Windows bila kuzivunja programu za zamani zilizoizoea konsoli hiyo. Uamuzi wa kuweka tafsiri katikati ya pande hizo mbili ndio unaoeleza sehemu kubwa ya uzuri wa programu hii, na pia sehemu kubwa ya lawama ilizopata.

Kuelewa kwa nini tafsiri ilihitajika, lazima tuanze na tofauti ya kale. Katika familia ya Unix, programu ya mstari wa amri haijui chochote kuhusu dirisha. Inachofanya ni kumwaga herufi, na ikitaka rangi nyekundu hutanguliza herufi maalumu ya ESC, kisha mabano ya mraba, tarakimu 31 na herufi m. Lugha hiyo imetokana na terminali za vioo na nyaya kama VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka 1978, na kiini cha mfumo kinatoa kifaa bandia chenye ncha mbili, PTY, ambacho kinaiwezesha programu yoyote kushika ncha moja na kujifanya terminali. Ndiyo maana Linux ina terminali nyingi kiasi kile: kuandika nyingine ni suala la kusoma herufi na kuzichora. Windows NT, iliyotoka 1993, ilishika njia nyingine kabisa. Humo programu haimwagi herufi, inaita fanksheni za mfumo. Kuhamisha kishale inaita SetConsoleCursorPosition. Kujaza mstatili wa skrini inaita WriteConsoleOutput. Na ikitaka kujua kilichoandikwa skrini sasa hivi, inauliza kwa ReadConsoleOutput na inajibiwa. Kila seli ya skrini hurudishwa kama baiti 4: biti 16 za herufi, biti 16 za rangi na sifa nyingine.

Mpangilio huo hukejeliwa sana leo, na mara nyingi bila haki. Waandishi wa programu waliokuwa wakihama kutoka MS-DOS walikuwa wamezoea kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, seli kwa seli, herufi na rangi yake. Konsoli ya NT iliwapa kitu walichokijua tayari. Kosa lilikuwa kwingine: mchakato uleule uliojibu maswali hayo ndio uliochora dirisha. Hadi Windows Vista kazi hiyo ilikuwa ndani ya mchakato wa mfumo uitwao csrss, na Windows 7 ikaihamishia kwa programu inayojitegemea iitwayo conhost, jambo lililosaidia usalama lakini halikubadilisha muundo. Mwenye kuchora na mwenye kujibu walibaki kuwa mmoja. Aliyetaka kutengeneza dirisha bora hakuwa na ncha ya kushika.

Waliotaka walitafuta njia ya panya. Mradi wa winpty, kwa mfano, ulifungua konsoli halisi iliyofichwa, kisha ukawa unaisoma skrini yake tena na tena, unalinganisha ilivyokuwa na ilivyo, na kuzigeuza tofauti hizo kuwa amri za ESC. Visual Studio Code iliitegemea mbinu hiyo kwa miaka kadhaa ili kuwa na terminali ndani ya kihariri. Ilifanya kazi, ila ni sawa na kusema ilifanya kazi kwa kuchungulia. Kinachobadilika na kurudi hali yake kati ya uchunguliaji mmoja na unaofuata hakionekani kamwe.

Msukumo wa kubadilisha mambo ulikuja 2016, Microsoft ilipoleta WSL na programu za Linux zikaanza kuendeshwa ndani ya Windows. Programu hizo zilizungumza amri za ESC tu, kwa hiyo conhost ikalazimika kujifunza kuzielewa zinapoingia. Hatua iliyobaki ilikuwa kinyume chake, yaani conhost iweze kuzitoa, na hatua hiyo ndiyo ConPTY, iliyofika na Windows 10 toleo 1809 mwaka 2018. Terminali inaita CreatePseudoConsole na kuikabidhi mabomba mawili, moja la kuingiza na moja la kutoa. Nyuma ya mabomba hayo conhost inaamka bila dirisha, inaweka skrini ya kufikirika kwenye kumbukumbu, inajibu fanksheni zote za 1993 kama ilivyozoea, kisha inasimulia kila badiliko kwa amri za ESC. Imekuwa kama mkalimani wa mahakamani: shahidi anaendelea na lugha yake, hakimu anasikia yake, na hakuna anayelazimika kujifunza ya mwenzake.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana hata kwenye jambo dogo kama rangi. Katika fanksheni za Windows, bluu ni 1, kijani ni 2 na nyekundu ni 4. Katika amri za ESC mpangilio ni kinyume: nyekundu ni 1 na bluu ni 4, ndiyo maana nyekundu ni 31 na bluu ni 34. Mtafsiri akipitisha namba kama ilivyo, ujumbe wa kosa utatoka na rangi ya bahari. Hilo ni rahisi kurekebisha. Lisilo rahisi ni seli ya baiti 4. Emoji nyingi hazitoshi kwenye biti 16 za herufi, zinahitaji mara mbili yake, na ukubwa wa seli hauwezi kubadilishwa kwa sababu umechomelewa ndani ya maelfu ya programu zilizokwisha kukusanywa. Kwa hiyo terminali mpya inaweza kuchora emoji vizuri, lakini programu inayouliza kwa fanksheni ya kale ni emoji gani ipo kwenye seli fulani haitapata jibu kamili. Hakuna ujanja wa uhandisi utakaolifuta hilo bila kuvunja ahadi kwa wale wa zamani.

Hapo ndipo anapoingia mpinzani wa kwanza na kuuliza kwa nini ahadi hiyo isivunjwe tu. Dunia nzima ya seva imekubaliana na amri za ESC. Fanksheni za 1993 zizikwe, waliobaki nazo wajirekebishe. Pendekezo linapendeza masikioni mwa anayeanza upya, lakini mtazame Far Manager, meneja wa faili ambaye bado ana watumiaji waaminifu. Uhai wake wote ni kuandika na kusoma mistatili ya skrini kwa fanksheni hizohizo. Ongeza visakinishi na zana za ndani za ofisi ambazo msimbo wake haupo tena mikononi mwa yeyote. Windows inanunuliwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu programu ya jana inafunguka leo. Terminali ambayo ingeyakata hayo ingekuwa safi zaidi kihandisi, na wachache wangeitumia.

Mpinzani wa pili anatoka upande wa Linux na anasema haya yote ni kuiga PTY iliyokuwapo miongo kadhaa, na kwa kuchelewa. Kuchelewa ni kweli. Kuiga, hapana. Kiini cha Unix kinapitisha baiti kutoka ncha moja hadi nyingine na kushughulikia machache kama Ctrl+C. Hakihitaji kujua skrini inafananaje. ConPTY inalazimika kuijua skrini nzima wakati wote, maana programu inaweza kuiuliza dakika yoyote. Jina linafanana, ila mzigo ni tofauti.

Mpinzani wa tatu ndiye mzito, na hoja yake ni kasi. Mwezi Juni 2021 Casey Muratori, mtayarishaji programu anayejulikana katika uwanja wa michezo ya kompyuta, aliripoti kwamba Windows Terminal inazorota vibaya maandishi yanapobadilisha rangi mara kwa mara, na akaeleza njia: kila umbo la herufi lichorwe mara moja, lihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya kadi ya michoro, kisha skrini ijazwe kwa kunakili maumbo hayo seli kwa seli. Mmoja wa wahandisi alijibu kwamba anachokipendekeza ni kama mradi mzima wa utafiti wa shahada ya uzamivu. Muratori akajibu kwa vitendo, akaandika terminali yake mwenyewe, refterm, kwa muda mfupi sana, ikawa na kasi kubwa kuliko Windows Terminal ya wakati huo. Kwenye suala la kuchora, alikuwa sahihi na kampuni ilikuwa imekosea. Mwanzoni mwa 2022 ikaja injini mpya ya kuchora iitwayo Atlas, kwanza kama jaribio, baadaye ikawa ya kawaida, na wazo lake kuu ni lilelile la kuhifadhi maumbo.

Je, refterm haionyeshi basi kwamba tatizo lilikuwa uzembe wa kuchora tu, na mkalimani ninayemzungumzia hana hatia? Msimbo wake wenyewe unasema vinginevyo. Ili kufikia kasi yake ya juu, refterm iliweka njia ya mkato ambayo programu iliyokubali kuitumia ingetuma herufi moja kwa moja kwa terminali bila kupita kwa conhost, kwa kuwa njia ya kawaida ilikuwa nzito. Kwa maneno mengine, kasoro zilikuwa mbili: mchoraji mzembe, ambaye alibadilishwa, na gharama ya tafsiri, ambayo hata mkosoaji mkali alilazimika kuikwepa. Mchoraji unaweza kumbadilisha kwa miezi. Tafsiri unaweza kuipunguzia gharama tu, maadamu umekubali kuhudumia lugha mbili.

Gharama yenyewe haikuwa ya kasi pekee. ConPTY ya awali haikupitisha maneno ya programu kama yalivyosemwa. Iliyapokea, ikabadilisha skrini yake ya kufikirika, kisha kwa vipindi ikaichora upya kwa amri za ESC kadiri ilivyoona inafaa. Amri isiyoijua ingeweza kupotea njiani au kufika nje ya zamu yake, hata kama terminali ya upande wa pili ingeielewa vizuri. Picha za Sixel, ule ufundi wa zamani wa DEC wa kuchora picha ndani ya terminali, zilikwama hapo kwa muda mrefu. Ilipofika toleo la majaribio 1.22, mwaka 2024, ConPTY ikaandikwa upya: maandishi na amri sasa hupitishwa papo hapo kwa mpangilio wake, na fanksheni za kale hutafsiriwa zinapoitwa badala ya kusubiri kuchorwa. Sixel zikaingia katika toleo hilohilo. Miaka 6 tangu mkalimani aanze kazi, amefundishwa kunyamaza pale ambapo pande mbili tayari zinaelewana.

Wapo wanaouona uhuria wa mradi huu kama pambo la kampuni kubwa: leseni ni ya MIT, lakini maamuzi hufanywa Redmond. Ni kweli mwenye nyumba anajulikana. Hata hivyo kilichowekwa hadharani Mei 2019 hakikuwa dirisha jipya tu; msimbo wa conhost yenyewe, pamoja na vumbi lake la miongo, umo katika hazina hiyohiyo. Bila hilo, ubishi wa 2021 ungebaki malalamiko ya watumiaji dhidi ya sanduku lililofungwa, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuonyesha muda unapotelea wapi. Na kazi ya Sixel ilifanywa na mchangiaji wa nje asiyeajiriwa na kampuni. Wanufaika pia si Windows Terminal peke yake: Visual Studio Code, Alacritty na WezTerm zote husimama juu ya ConPTY zinapokuwa kwenye Windows. Ubaya wa mradi nauona kwingine, kama vile kutoa toleo la 1.0, Mei 2020, ambalo mipangilio yake ilihaririwa kwa mkono kwenye faili la JSON, tena kutoka kwa kampuni iliyojipatia jina kwa vitufe na madirisha.

Tangu Oktoba 2022 Windows Terminal ndiyo terminali ya kawaida kwenye Windows 11, na wengi wanaifungua bila kuijua. Kwako unayeandika programu mpya ya mstari wa amri, mwongozo wa Microsoft wenyewe unakushauri utumie amri za ESC na uziache fanksheni za kale kwa programu za kale. Ufuate ushauri huo: programu yako itaonekana vilevile kwenye Windows, Linux na kupitia SSH, na conhost haitakuwa na la kuitafsiria.