Ramani Kabla ya Kiwanja: Jinsi Nyumba ya Uzeeni ya Ziwa Léman Ilivyopangwa

Nyumba inayojengwa kwa ajili ya miaka ya kustaafu hutofautiana na nyumba nyingine kwa jambo moja ambalo wachoraji wengi wa ramani hulipita haraka, nalo ni kwamba mahitaji ya wakazi wake hujulikana karibu yote siku ile ile ya kuchora: idadi ya watu haitarajiwi kuongezeka, kipato hakitarajiwi kupanda, na nguvu za mwili zitapungua kwa mwendo ambao mtu mwenye busara anaweza kuukisia. Kwa sababu hiyo nyumba ya namna hii inaweza kupangwa kwa usahihi usiowezekana kwa nyumba ya wanandoa vijana, ambao hawajui watazaa watoto wangapi wala kazi itawapeleka wapi. Mfano mmoja uliotekelezwa kwa ukamilifu, na ambao historia yake imehifadhiwa vizuri, ni nyumba ndogo ambayo msanifu majengo Le Corbusier aliwajengea wazazi wake kati ya mwaka 1923 na 1924 katika kijiji cha Corseaux, karibu na mji wa Vevey, kwenye ufuko wa Ziwa Léman nchini Uswisi. Nyumba hiyo, inayojulikana kwa jina la Villa Le Lac, ni miongoni mwa kazi zake 17 zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016. Uchambuzi huu unauacha kando umaarufu huo na kushughulikia namna nyumba ilivyopangwa, pamoja na mahali ambapo ujenzi wake ulikosea, kwa kuwa sehemu zote mbili zina manufaa kwa yeyote anayekusudia kujenga.

Nyumba ya Corseaux haiwezi kueleweka bila ile iliyoitangulia. Mwaka 1912 Le Corbusier, ambaye wakati huo bado aliitwa Charles-Édouard Jeanneret na alikuwa kijana wa miaka 25 tu, aliwajengea wazazi wake nyumba kubwa na nzuri katika mji wao wa La Chaux-de-Fonds, mji wa watengeneza saa ulio milimani, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Baba yake, Georges-Édouard, alikuwa fundi wa kupaka rangi ngumu inayong'aa kwenye nyuso za saa, na mama yake, Marie Jeanneret, alikuwa mwalimu wa piano. Kipato chao kilikuwa cha watu wa kawaida, na nyumba ile iliwaelemea kwa gharama hata wakalazimika kuiuza kwa hasara mwaka 1919. Kosa halikuwa katika uzuri wa nyumba, kwani hadi leo watu huenda kuitazama. Kosa lilikuwa kwamba ukubwa wake ulitokana na ndoto ya mchoraji, wala haukupimwa kwa mkoba wa wenye nyumba. Mtoto aliyewaingiza wazazi wake katika mzigo huo aliporudi miaka kumi baadaye kuwachorea nyumba nyingine, aliibadili hesabu yote: alianza na kiasi cha nafasi ambacho wazee wawili wanakihitaji, kisha akakataa kuongeza hata hatua moja juu yake.

Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno. Nyumba ina urefu wa takriban mita 16 na upana wa mita 4, yaani eneo lisilozidi sana mita za mraba 60, na yote iko katika sakafu moja. Le Corbusier alieleza katika kitabu kidogo kuhusu nyumba hii, alichokitoa mwaka 1954, kwamba ramani ilikamilika kabla kiwanja hakijapatikana, na kwamba alizunguka akitafuta ardhi huku ramani ikiwa mfukoni. Mpangilio huu wa hatua ndio kiini cha kazi nzima, na ni kinyume cha desturi ya watu wengi, ambao hununua kiwanja pale kinapopatikana kwa bei nafuu, kisha wakailazimisha nyumba ikubaliane na umbo la kiwanja, mteremko wake na jirani wake. Kwa kuwa ramani ilikuwa tayari, kiwanja kilitafutwa kwa masharti yaliyo wazi: jua liwe upande wa kusini, ziwa litandae upande huo huo mbele ya milima ya Alpi, na ardhi iwe na urefu wa kutosha kubeba nyumba nyembamba iliyolala sambamba na maji. Pale Corseaux ramani ilikaa juu ya ardhi kana kwamba ilichorewa hapo.

Ndani ya eneo hilo finyu Le Corbusier alipanga vyumba kwa kanuni ambayo yeye aliiita mzunguko, maana yake njia ya kupita isiyo na mwisho uliozibwa, ili mkazi aweze kutoka mlangoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi chumba cha kulala, kisha bafuni, mahali pa kufulia, jikoni, na kurudi mlangoni bila kupita ushoroba mrefu wala kurudia hatua zake. Kwa mzee faida ya mpango huu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu safari za usiku kwenda msalani, ambazo ndizo huwaangusha wazee wengi, huwa fupi na za sakafu moja, na kazi za nyumbani hufanyika kwa hatua chache. Ushoroba, ambao katika nyumba nyingi hula sehemu kubwa ya eneo bila kumfaa mtu yeyote, haupo. Kabati zilijengewa ukutani ili samani zisizibe njia. Upande wa mashariki, mahali ambapo sebule inaishia, palitengwa sehemu ndogo ya kulala mgeni, inayofungwa kwa kizuizi cha kusogezwa, kwa hiyo nafasi ya mgeni hurudi kuwa sehemu ya sebule siku ambazo mgeni hayupo. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, na inafaa kuukazia: nyumba haikubeba mwaka mzima chumba cha mtu anayekuja kwa siku chache.

Ukuta wa kusini, unaotazama ziwa, umepasuliwa na dirisha moja la mlalo lenye urefu wa takriban mita 11, yaani dirisha linalolala kufuata urefu wa nyumba badala ya kusimama, nalo hupita sebuleni, chumbani na bafuni bila kukatika. Dirisha la aina hiyo lisingewezekana katika ujenzi wa zamani, ambamo ukuta wenyewe ndio uliobeba paa na kila tundu lilikuwa upungufu wa nguvu; liliwezekana kwa sababu ya zege la nondo, ambalo kwa linta ndefu juu ya nguzo chache nyembamba linaweza kuupokea uzito wa paa na kuuacha ukuta huru. Mwaka 1923 Auguste Perret, msanifu wa Ufaransa ambaye Le Corbusier aliwahi kufanya kazi ofisini kwake, alipinga hadharani madirisha ya mlalo kwa hoja kwamba dirisha la wima ndilo linalomfaa binadamu, kwani humwonyesha ardhi, upeo na mbingu kwa pamoja. Hoja ya Perret si ya kupuuzwa, lakini kwa nyumba ya wazee wawili wanaokaa chini sehemu kubwa ya mchana, dirisha linalofuata usawa wa jicho la aliyeketi na kuleta mwanga sawasawa katika kila chumba lina haki yake, na mwanga wa kutosha ni hitaji la kweli kwa macho yanayofifia. Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke tu kwamba Uswisi iko mbali kaskazini, ambako jua la mchana husimama kusini mwaka wote, na katika majira ya baridi kila mwali unahesabiwa. Karibu na ikweta jua hupita kaskazini nusu moja ya mwaka na kusini nusu nyingine, na adui wa nyumba ni jua la magharibi. Hata hivyo nyumba ndefu inayolala mashariki kwa magharibi inafaa huku pia, mradi dirisha lifunikwe na paa lililotokeza vya kutosha.

Bustani ilipangwa kwa ujasiri wa pekee. Badala ya kuiacha wazi ili ziwa lionekane kutoka kila pembe, Le Corbusier aliizungushia ukuta, akaufungua mahali pamoja tu kwa tundu la mraba mfano wa dirisha, na mbele yake akaweka meza. Alishikilia kwamba mandhari inayoonekana kila upande bila kikomo humchosha mtazamaji hadi asiione tena, na kwamba mandhari lazima iwekewe mipaka. Ukuta huo pia huzuia upepo na macho ya wapita njia, na kwa mzee anayependa kukaa nje huo ni msaada mkubwa kuliko mandhari yenyewe.

Paa ni bapa, la zege, lililofunikwa kwa udongo na majani. Udongo huo una kazi ya kitaalamu: zege hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na mwendo huo ukirudiwa kila siku hulipasua na kuruhusu maji kupenya, ilhali tabaka la udongo lenye unyevu hupunguza tofauti ya joto na kulilinda. Majani yaliachwa yaote yenyewe kwa mbegu zilizoletwa na upepo na ndege, kwa hiyo paa halikudai mtunza bustani.

Udhaifu wa nyumba ulitoka chini. Kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi, na kwa kuwa nyumba iko mita chache tu kutoka ziwani, maji ya ardhini yalipanda na kushuka pamoja na usawa wa ziwa. Le Corbusier mwenyewe alieleza kwamba ufa uliotokea katika nyumba ulitokana na hali hiyo: chumba kile, kikiwa kama mtumbwi mtupu uliozamishwa kwa nguvu, kilisukumwa juu na maji kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes, inayosema kwamba kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Nyumba ilikuwa nyepesi, hivyo haikuwa na uzito wa kutosha kuupinga msukumo huo, na sehemu yenye chumba cha chini ilitembea tofauti na sehemu isiyo nacho. Tatizo hili lina dawa zinazojulikana kwa kila mhandisi wa misingi, mojawapo ikiwa ni kutokuwa na chumba cha chini kabisa mahali penye maji ya juu, na nyingine ikiwa ni kukata jengo kwa kiungo kinachoruhusu sehemu mbili kusogea bila kupasuana. Hakuna sababu ya kumtetea msanifu katika jambo hili. Aliyeichunguza ramani kwa miezi mingi hakuichunguza ardhi kwa kiwango hicho hicho.

Kuta nazo zilikuwa za bei nafuu, zikijengwa kwa matofali ya saruji yasiyozuia vizuri joto wala baridi, na baadaye ikabidi zivikwe ngozi ya bati ili kuzikinga na hali ya hewa. Marekebisho hayo ni gharama iliyoahirishwa, na gharama ya namna hiyo humkuta mstaafu akiwa na uwezo mdogo kuliko siku alipojenga. Ujenzi uliobana fedha ungepaswa kubana eneo, kama ulivyofanya vizuri sana, bila kubana ukuta.

Wazazi walihamia mwishoni mwa mwaka 1924. Baba alifariki mwaka 1926, hata miaka miwili haijatimia, na nyumba iliyochorwa kwa watu wawili ikawa nyumba ya mjane. Hapo ndipo ubora wa mpango ulipojulikana. Mama, aliyezaliwa mwaka 1860, aliendelea kuishi humo hadi kifo chake mwaka 1960, yaani zaidi ya miaka 35 katika nyumba aliyoingia akiwa na umri wa miaka 64, na baada yake kaka yake Le Corbusier, mwanamuziki Albert Jeanneret, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1973. Nyumba kubwa ya 1912 isingeweza kutunzwa na mjane mmoja kwa muda huo. Hii iliweza, kwa sababu hakukuwa na chumba kilichofungwa na kuachiwa vumbi.

Nchini Tanzania na Kenya, ambako watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, sehemu kubwa ya mafao ya mkupuo huishia katika nyumba yenye vyumba vingi vya watoto waliokwisha kujitegemea, ambao hurudi kwa Idi, Krismasi au msiba. Upendo unaojenga vyumba hivyo ni wa kweli na hauhitaji kubezwa, lakini hesabu ya Corseaux inaonyesha kwamba mgeni anaweza kupewa heshima yake bila mwenye nyumba kulipia bati, sakafu na rangi ya vyumba vinne kwa miaka 30. Anayestaafu leo achore kwanza mwendo wa siku yake ya kawaida, kutoka kitandani hadi msalani, jikoni na barazani, apime eneo ambalo mwendo huo unalidai, na atafute kiwanja baada ya hapo. Na kiwanja kikipatikana, hasa kando ya ziwa, mto au bahari, achimbe shimo la majaribio mwishoni mwa masika na kuangalia maji yanafika wapi, kabla fundi hajaanza kuchimba msingi.