Nasaba ya Waliokatiwa Nasaba: Uhamisho katika Uhuru wa Watumwa

Tangu Uhuru wa Watumwa ya James Juma Mbotela ilipochapishwa London mwaka 1934, aghalabu imeshutumiwa kwa kumsifu mno Mwingereza. Shutuma hiyo ina haki. Hata hivyo haijaeleza kwa nini sifa hizo zimewekwa pale ambapo, katika masimulizi ya ukoo, msomaji hutarajia kumkuta babu.

Jibu limo katika umbo la kazi yenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), alipoandika kwa Kiarabu tarikh ya Mazrui wa Mombasa, aliweza kuwafuata jamaa zake waliotawanyika hadi Gazi na Takaungu baada ya utawala wao kuanguka mwaka 1837. Uhamisho uliwanyang'anya ngome. Haukuwanyang'anya mlolongo wa fulani bin fulani. Mbotela, mzawa wa jamii ya waliokombolewa, hakurithi mlolongo wa namna hiyo. Katika kitabu chake vituo vya safari ndivyo vinavyoshika nafasi ya vizazi: kutekwa bara, msafara, jahazi, manowari, na hatimaye Freretown, makazi yaliyoanzishwa Kisauni na wamisionari wa CMS mwaka 1875. Kwa kuwa maisha mapya yanaanzia kwenye manowari, mkombozi anageuka kuwa mzazi, na mzazi hakosolewi mbele ya watu.

Ufafanuzi huu haumtakasi mwandishi. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa miaka 32, basi, huru wa Freretown aliishi jirani na mtumwa wa shambani. Mashamba ya Takaungu nayo yalilimwa na watumwa. Nasaba iliyohifadhiwa na nasaba iliyokatwa ni sura mbili za historia moja, na hapana budi zisomwe pamoja.

Kengele ya Freretown imeupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Kutoka hapo hadi Mjambere, katika Kisauni ambako haki ya ardhi mara nyingi hutetewa kwa jina la babu, swali la "asili yako wapi?" si la adabu tu. Udhaifu wa Mbotela ni kumjibu muulizaji kwa shukrani. Ubora wake ni kuthibitisha kwamba aliyekatiwa nasaba naye anaweza kuiandika, akianzia pale ilipokatwa.