Heshima kwa Jicho na Shingo

Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliopo wilayani Kishapu, Tanzania, ulianza baada ya John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, kugundua mwaka 1940 mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la hekta 146 hivi, yaani mwamba wa kale uliopandisha almasi kutoka kina kirefu cha ardhi. Mtu anayetaka kumwonesha shimo la mgodi huo mwanafunzi aliye mbali kwa miwani ya uhalisia pepe, kifaa kinachofunika macho na kuyapeleka mahali ambapo mwili haupo, huingia katika ufundi ambao ni wa kupima mwili kabla ya kuwa wa kuchora picha.

Ukingo wa mbali wa shimo haumsumbui fundi, kwa kuwa kitu kilichopita meta 20 huonekana karibu sawasawa kwa macho yote mawili, hata picha bapa ikatosha. Taabu ipo kwenye kiolesura, yaani maandishi na vitufe ambavyo kwavyo mtumiaji huiamuru mashine. Kikisogezwa chini ya nusu meta, macho hulazimika kugeukiana ili kukifuata ilhali lenzi za miwani zimeiweka taswira yote katika umbali mmoja usiobadilika, na mvutano huo ndio unaozaa uchovu na maumivu ya kichwa.

Shingo nayo ina haki zake. Alex Chu wa Samsung alieleza mwaka 2014 kwamba kichwa hugeuka kwa raha nyuzi 30 hivi kila upande, huinuka nyuzi 20, na huinama nyuzi 12 tu. Mwaka uliofuata mbunifu Mike Alger aliunganisha vipimo hivyo na vya umbali, akaonesha ni wapi hasa jambo muhimu liwekwe ili lisomeke bila kusakwa. Hizo nyuzi 12 zastahili kutafakariwa, maana mbunifu aliyezoea simu huweka vitufe vyake chini bila kufikiri, na mvaaji, ambaye tayari amebeba uzito mbele ya uso, huadhibiwa kila anapotaka kuendelea. Mkono nao, ukiachwa umeinuliwa hewani, huchoka haraka kuliko aketiye mezani anavyodhani, kwa hiyo kitufe chema hufikiwa kiwiko kikiwa kimetulia ubavuni. Hekima hii imo hata katika mpini wa jembe, ambao hufaa ukilingana na mwili wa mlimaji.

Tangu mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alipojenga mwaka 1968 kifaa cha kuvaa kichwani, ambacho kilining'inizwa darini, ujuzi wa starehe ulikusanywa polepole mno. Mwaka 2017 wabunifu wa Google walifundisha kipimo kiitwacho dmm, ambacho kimoja chake ni upana wa milimita 1 kwa kitu kilicho umbali wa meta 1, au milimita 2 kwa kilicho meta 2, hivyo herufi zikabaki na ukubwa uleule machoni popote zilipowekwa. Oktoba 2019 kampuni hiyo iliacha kuuza miwani yake ya Daydream, na kwa wengi somo likaondoka pamoja na bidhaa. Leo madirisha ya simu hutundikwa hewani yalivyo, na sentensi za Kiswahili, ambazo mara nyingi huhitaji nafasi kubwa kuliko iliyotengwa, hupunguzwa hadi zisisomeke.

Ni hasara ya kusikitisha, kwani anayepata kichefuchefu mara ya kwanza, kwa sababu macho yameambiwa anatembea ilhali sikio la ndani lajua amekaa, mara nyingi haivai tena. Yeyote anayeandaa mafunzo ya namna hii kwa wachimbaji wa migodi ya Mwadui, Bulyanhulu au Geita na amvishe kwanza miwani mtu ambaye hajawahi kuivaa, aitazame shingo na mikono yake kwa robo saa bila kumwelekeza, kisha airekebishe kazi yake kabla ya kuikabidhi.