Kinyago cha Mtoto: Booji Boy na Suala la Nafsi katika Maonyesho ya Devo

Wahakiki wa bendi ya Devo, iliyoanzishwa Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1973, wamezoea kumchukulia Booji Boy kuwa kichekesho cha pembeni. Uso wake ni kinyago cha mpira chenye sura ya mtoto, na sauti yake ni nyembamba, ya kulialia. Anayekivaa kinyago hicho ni Mark Mothersbaugh, mwimbaji kiongozi wa bendi. Kwa usomaji uliozoeleka, mtu mzima anajificha nyuma ya utoto, hadhira inacheka, onyesho linaendelea. Usomaji huo unapuuza jambo moja la msingi: katika maonyesho ya Devo, Mothersbaugh asiye na kinyago ndiye aliyefichwa zaidi.

Jukwaani, wanabendi watano walivaa sare moja, kwa mfano zile suti za manjano za wafanyakazi wa viwandani, na walijongea kwa mikato ya mashine. Wakati ujao waliouigiza ulikuwa umekwisha kuchakaa. Waliuazima katika filamu za zamani. Wimbo wao "Jocko Homo" umejengwa juu ya mwito na kiitikio kilichochotwa kutoka filamu ya mwaka 1932, *Island of Lost Souls*, iliyotokana na riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1896, ambamo wanyama waliogeuzwa nusu watu hukaririshwa sheria za utu. Aliyezoea fasihi simulizi hutarajia kiitikio kimuunganishe fanani na hadhira yake. Hapa kiitikio kinafanya kazi nyingine: kinamyeyusha kiongozi ndani ya kundi, hata nafsi ya kwanza umoja ikakosa pa kusimama. Anayeuliza swali na wanaolijibu ni viungo vya mtambo mmoja.

Chimbuko la ubaridi huo linajulikana. Tarehe 4 Mei 1970, askari wa Ulinzi wa Taifa walifyatua risasi kwa sekunde 13 katika Chuo Kikuu cha Kent State, wakawaua wanafunzi 4 na kuwajeruhi 9. Gerald Casale, mwanzilishi mwenza wa bendi, alikuwapo. Dhana ya kwamba binadamu anarudi nyuma kimageuzi, ambayo awali ilikuwa mzaha wa wanafunzi, ilipata uzito mwingine baada ya siku hiyo.

Ndipo umuhimu wa filamu fupi ya mwaka 1976, *The Truth About De-Evolution*, iliyoongozwa na Chuck Statler, unapoonekana. Humo Booji Boy anapeleka nyaraka kwa Jenerali Boy, na jenerali huyo anaigizwa na baba mzazi wa Mothersbaugh. Utani wa kifamilia, bila shaka. Lakini miaka 6 baada ya risasi za Kent State, mtoto anayetumwa kwa mzee mwenye mamlaka ya kijeshi si picha nyepesi. Methali husema kinyago cha kujichongea hakimtishi mwenyewe. Hiki kinatisha kidogo, kwa sababu aliyekichonga amekipa udhaifu wake.

Ushahidi mzito zaidi umo katika "Beautiful World" ya mwaka 1981. Wimbo unausifia ulimwengu kwa msemaji wa pili, kisha, mwishoni, msemaji anajitoa mwenyewe katika sifa hizo. Katika rekodi anaimba Casale, kwa sauti tulivu, na mgeuko ule unapita kama kinaya cha werevu: msikilizaji anatabasamu. Jukwaani, mara nyingi wimbo huohuo huimbwa na Booji Boy. Maneno ni yaleyale, lakini sauti ya kitoto inakiondolea kinaya ule umbali kinaouhitaji, na kinachosikika ni malalamiko ya kweli. "Mimi" iliyofutwa na sare inarudi kupitia uso wa bandia kuliko zote.

Haifai kumkweza mhusika huyu kupita kiasi. "Whip It" ilipofika nafasi ya 14 katika chati ya Billboard mwaka 1980, kofia nyekundu za ngazi zikawa nembo, na sehemu ya hadhira ikaja kutazama mavazi tu. Booji Boy naye aliingia katika mkondo huo. Katika maonyesho ya miaka ya baadaye ujio wake hungojewa, na kinachongojewa hakishtui. Tashtiti iliyozoeleka hugeuka desturi.

Hata hivyo, video ya "Beautiful World" haijapoteza makali. Booji Boy anatazama picha: kwanza za furaha na matangazo ya biashara, halafu Ku Klux Klan, njaa, vita. Hasemi kitu wala hazuii kitu. Fanani amehamia upande wa hadhira, na kinyago, kisichoweza kubadili sura, kinaendelea kutabasamu mbele ya maiti.