Wingi wa Mabepari: Futuhi ya Shakespeare na Jukwaa la Tanzania, Ikisomwa kutoka Mazinde

Tafsiri ya Julius Nyerere ya The Merchant of Venice ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Tangu hapo wahakiki wamekawia mlangoni pake, kwenye jina: Mabepari wa Venisi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, Antonio. Nyerere aliongeza idadi, tena akachagua neno lenye asili ya Kihindi ambalo zamani lilimtaja mchuuzi tu, lakini kufikia mwaka huo lilikuwa limekwisha kuhama kutoka dukani hadi kwenye hotuba za siasa. Usomaji wa kisiasa una haki yake. Kasoro yake ni kuichukulia kazi hii kana kwamba ni waraka, ilhali ni futuhi iliyokusudiwa kuchekesha watu waliokaa pamoja. Makala hii inadai kuwa wingi ule una kazi jukwaani: unamzuia mwongozaji asimtwike Shailoki peke yake uovu wa mji mzima.

Ili kuona uzito wa dai hili, tuiweke tamthilia Mazinde, chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya leo ya Korogwe. Katika karne ya 19 Semboja, mtawala wa Kikilindi, aliweka makao yake huku tambarare badala ya Vugha mlimani, kwa kuwa misafara ya pembe na watumwa ilipita chini. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, alimtumikia mtawala huyo. Kwa hiyo Kiswahili cha maandishi na biashara ya binadamu vilikaa baraza moja. Baadaye ukaja mkonge, ulioingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na pamoja nao wakaja manamba, vibarua wa mikataba kutoka mbali, ambao ujira wao ulitegemea kukamilisha kipande cha siku 30 za kazi.

Mbele ya hadhira yenye kumbukumbu hizo, hati ya Shailoki haiwezi kuwa kichekesho cha ng'ambo. Ratili ya nyama inayodaiwa mahakamani ni mwili uliowekwa rehani, na hapo mwili umewahi kuwa rehani. Zaidi ya hayo, ni Shailoki mwenyewe anayewakumbusha Wavenisi kwamba nao wana watumwa waliowanunua, na kwamba hakuna anayewaamuru wawaachie huru. Hoja hiyo haijibiwi na yeyote. Katika maonyesho mengi duniani hupita haraka, kwa sababu watazamaji wanasubiri kisu. Naamini Mazinde ndipo ingesimamisha onyesho, na wingi wa jina ungepata maana yake: mabepari ni wote waliomo mahakamani, aliyekopesha, aliyedhamini, hata aliyekopa ili akaposee kwa fahari.

Hatari iko upande wa pili, nayo si ndogo. Penina Mlama (1991) ameeleza jinsi vichekesho vilivyozuka katika enzi ya ukoloni chini ya kivuli cha michezo ya Kiingereza iliyoigizwa shuleni, vikimcheka hasa Mwafrika asiyeziweza adabu za kizungu. Mantiki ya sanaa hii ni kumtafuta mtu mmoja asiyefanana na wenzake na kumwangusha. Baada ya uhuru mshamba hakuachwa, lakini aliongezewa wenzake, akiwamo Mhindi wa duka na Kiswahili chake cha kuvunjika. Mwigizaji akimpa Shailoki lafudhi hiyo atapata kicheko mara moja, na kwa bei rahisi mno. Kisha inafika hukumu, na mali ya mgeni inawekwa mikononi mwa dola. Mtazamaji aliyeshuhudia utaifishaji wa majumba mwaka 1971, uliowagusa zaidi wananchi wa asili ya Kiasia, hahitaji kufafanuliwa anachokiona. Tukumbuke kwamba mtafsiri huyuhuyu, mwezi Oktoba 1961, alisimama bungeni kupinga uraia wa kuangalia rangi, hata akawa tayari kujiuzulu. Kumgeuza Shailoki kuwa Mhindi ni kuipindua tafsiri yake dhidi yake, hata kama kunafanywa kwa jina la ujamaa.

Ulinganisho na futuhi nyingine unasaidia hapa. Mwaka 2012, katika tamasha la ukumbi wa Globe jijini London lililokusanya tamthilia 37 kwa lugha 37, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, ikaitwa Wanawake wa Heri wa Windsa. Kundi lilitoka Kenya, lakini Falstaff aliigizwa na Mtanzania, Mrisho Mpoto. Umbo la futuhi hiyo linaafikiana na vichekesho: mjinga anatupwa mtoni pamoja na nguo chafu, anaaibishwa mbele ya watu, kisha anakaribishwa nyumbani acheke na waliomcheka. Shailoki hakaribishwi. Anaondoka katika tendo la nne akisema hajisikii vizuri, na tendo zima la tano linachezwa bila yeye.

Kwa desturi ya vichekesho, mchezo umekwisha pale mlengwa anapoanguka, na mwongozaji aliyekulia humo atashawishika kufunga pazia mahakamani. Asifunge. Tendo la tano, pamoja na utani wake wa pete, ndilo linalowaacha mabepari waliosalia peke yao mbele yetu. Shailoki amekwisha kupoteza mali, dini na binti, na Antonio, ambaye tangu mwanzo amekuwa mnyonge wa kuhurumiwa, anakabidhiwa barua na kusoma kwamba merikebu zake tatu zimeingia bandarini salama, zikiwa na shehena kamili.